Bendera za Donauwörth

Tarehe 25 Aprili mwaka 1606, sikukuu ya Mtakatifu Marko Mwinjili, watawa wa Kibenediktini na waamini wachache walitoka katika monasteri yao kwa maandamano. Msalaba ulitangulia, Litania ikaimbwa, na bendera zilikuwa zimekunjuliwa. Walikuwa wakienda katika kijiji jirani cha Auchsesheim, kwa kuwa ilikuwa desturi ya Kanisa siku ile kuzunguka mashambani na kuomba baraka juu ya mazao. Waliporudi mjini walikutana na kundi la watu wenye hasira. Bendera zikanyang'anywa na kuraruliwa, na maandamano yakatawanyika.

Mtu aliyeona fujo ile kwa macho yake angeweza kudhani ni zogo la mtaani tu, la kusahauliwa baada ya juma moja. Haikuwa hivyo. Miezi 20 baadaye mji ule ulikuwa umekwisha kupoteza uhuru wake uliodumu miaka 300 hivi. Miaka miwili baadaye watawala wa Ujerumani walianza kujigawa katika kambi mbili zenye silaha. Na mwaka 1618 vikawaka vita ambavyo havikuzimika kwa muda wa miaka 30.

Mji huo huitwa Donauwörth. Ni mji mdogo wa Ujerumani ya kusini, katika jimbo la Bavaria, wenye watu wapatao 20,000 siku hizi. Wiki hii twapenda kuwasimulia wasomaji wetu historia yake, kwa maana ndani yake mna fundisho kwa kila mahali ambapo watu wa dini mbalimbali hukaa mtaa mmoja na kuteka maji kisima kimoja.

MWANZO WA MJI

Jina lenyewe laeleza asili yake. Donau ni mto Danubi kwa Kijerumani, na neno lile la pili, katika Kijerumani cha kale, ni kisiwa cha mtoni. Mahali pale mto mdogo uitwao Wörnitz humwaga maji yake katika Danubi, na wavuvi walijenga vibanda vyao kisiwani tangu zamani. Baadaye pakawa na daraja la kuvukia Danubi, na penye daraja hapakosi soko. Njia ya wafanyabiashara waliosafiri kati ya Nürnberg na Augsburg ilipita hapo, na hata leo barabara kuu ya mji, iliyo pana na yenye nyumba nzuri pande zote mbili, huitwa Reichsstraße, yaani Barabara ya Dola.

Katika karne ya 11 mwenyeji mkuu wa mahali pale alikuwa bwana mmoja jina lake Mangold. Kaisari Konrad wa Pili alimtuma kwenda Konstantinopoli kwa kazi ya ujumbe, naye aliporudi alileta sehemu ndogo ya masalio ya Msalaba wa Bwana wetu. Mwaka 1030 Kaisari aliithibitisha haki ya soko ya mji wake. Kwa heshima ya masalio yale ilijengwa monasteri ya Msalaba Mtakatifu, kwanza ya watawa wa kike, na baadaye ya Wabenediktini. Ndiyo monasteri ile ambayo bendera zake tumekwisha kuzitaja.

Mji ule uliona mapema hasara iletwayo na hukumu ya haraka. Mwaka 1256 Duke Ludwig wa Pili wa Bavaria alimshuku mkewe, Maria wa Brabant, kwamba si mwaminifu. Hakungoja ushahidi. Akaamuru mama yule akatwe kichwa katika ngome ya Donauwörth. Watu wakatambua kuwa hakuwa na hatia, na Duke akajenga monasteri ya Fürstenfeld kuwa kitubio chake. Maria alizikwa katika kanisa la Msalaba Mtakatifu. Kitubio kilijenga nyumba nzuri ya sala, lakini hakikumrudisha marehemu.

Mwaka 1301 Mfalme Albrecht aliibomoa ngome ile, na Donauwörth ikawa mji huru wa Dola. Maana ya neno hilo yafaa ieleweke. Dola ya Ujerumani ya siku zile haikuwa nchi moja kama zilivyo nchi za leo. Ilikuwa na watawala wengi, wakubwa kwa wadogo, na kati yao ilikuwapo miji iliyomtii Kaisari peke yake. Mji wa namna hiyo ulichagua baraza lake, ulikata mashauri yake, na haukutawaliwa na duke wala askofu. Ulikuwa uhuru wa thamani kubwa, lakini wenye hatari, kwa kuwa jirani mwenye nguvu aliutamani daima. Jirani wa Donauwörth alikuwa Bavaria. Mwaka 1458 Duke wa Bavaria-Landshut aliuteka mji, akalazimishwa kuurudisha mwaka uliofuata. Tamaa yenyewe haikurudi.

DINI MBILI KATIKA MJI MMOJA

Katika miaka ya 1540 mafundisho ya Martin Luther yalishika mizizi Donauwörth, na watu wengi wa mji wakayapokea. Mwaka 1555, mjini Augsburg, ulifanyika mkataba wa amani kati ya Wakatoliki na Walutheri. Mkataba ule ulimpa kila mtawala haki ya kuamua dini ya nchi yake. Lakini kwa miji huru ambamo dini zote mbili zilikuwamo, uliamuru zote mbili ziendelee, na mmoja asimwondoe mwenzake.

Kwa maneno, lilikuwa jambo wazi. Kwa matendo, mji ulizidi kuwa wa Kiprotestanti, na mwisho wa karne ile Wakatoliki walikuwa kikundi kidogo tu kilichoizunguka monasteri. Hata hivyo watu waliishi pamoja, kwa kuwa walikuwa na mapatano yao. Wamonaki waliweza kufanya maandamano yao, lakini wapitapo katikati ya mji bendera zikunjwe. Wakishatoka nje ya eneo la mji, wazikunjue wapendavyo. Mapatano hayo hayakumpendeza yeyote kwa ukamilifu, lakini kwa miaka mingi yalilinda amani ya mtaa.

Msomaji wa leo aweza kuuliza: kuna tofauti gani kati ya bendera iliyokunjwa na bendera iliyokunjuliwa? Kwa watu wa wakati ule tofauti ilikuwa kubwa. Bendera ikipepea barabarani hutangaza kwamba wenye bendera wana haki juu ya barabara. Wamonaki walisema: mkataba wa 1555 watupa haki ya kuabudu kwa desturi zetu zote, na bendera ni sehemu ya desturi hizo. Baraza la mji lilisema: barabara ni mali ya mji, na anayepita hupita kwa ruhusa yetu. Ugomvi wa kitambaa ulikuwa ugomvi wa kujua ni nani mwenyeji na ni nani mgeni katika mji ambao wote wawili walizaliwa humo.

Mwanzoni mwa karne ya 17 monasteri, ikitiwa moyo na Askofu wa Augsburg, Heinrich von Knöringen, iliamua kuyaacha mapatano yale ya zamani na kuonyesha haki yake hadharani. Baraza lilijaribu kuzuia. Mashitaka yakapelekwa kwa Kaisari Rudolf wa Pili kule Prague, na mahakama yake ikauonya mji. Ndipo ikafika ile sikukuu ya Mtakatifu Marko ya mwaka 1606.

HAKI KATIKA MKONO WA MWENYE NGUVU

Nani alikuwa na haki? Twapaswa kujibu bila kupendelea. Kwa sheria ya mkataba, Wakatoliki walikuwa na hoja nzito. Kundi lililowapiga watu waliokuwa katika sala na kurarua bendera zao lilitenda kosa, na baraza la mji ambalo halikulizuia lilishiriki kosa hilo. Kama mambo yangekomea hapo, historia ingewahesabu wamonaki wa Donauwörth kuwa watu walioonewa.

Lakini aliyeonewa akitafuta mwamuzi, amtazame vizuri huyo mwamuzi. Kaisari alimkabidhi shauri lile Maximilian, Duke wa Bavaria. Duke huyu alikuwa Mkatoliki wa kweli, aliyesomeshwa na Wajesuiti wa Ingolstadt, mtu wa sala na mwenye ibada kuu kwa Bikira Maria. Alikuwa pia mtawala hodari, mwenye kuhesabu fedha na mipaka, na ukoo wake ulikuwa umeutamani mji ule kwa vizazi vingi. Tena, kwa utaratibu wa Dola, Donauwörth haikuwa katika wilaya ya Bavaria, bali katika wilaya ya Swabia, ambayo msimamizi wake alikuwa Duke wa Württemberg, Mlutheri. Kumruka huyu na kumpa kazi Maximilian kulionekana na Waprotestanti wote kuwa hila.

Mwaka 1607 wajumbe wa Maximilian walifika mjini, wakapokewa kwa ghasia. Hapo mji ukajiharibia wenyewe, kwa kuwa sasa haukuwa unawapinga wamonaki, bali amri ya Kaisari. Kaisari akatoa tamko la kuuharamisha mji, na maana yake ni kwamba sheria haikuulinda tena. Tarehe 17 Desemba 1607 askari wa Bavaria wakaingia Donauwörth.

Yaliyofuata yafaa yasomwe polepole. Duke Maximilian alitoa hesabu ya gharama za jeshi lake, akasema mji utabaki mikononi mwake kama rehani mpaka ulipe. Fedha zile zilikuwa nyingi kuliko uwezo wa mji ule mdogo, naye alijua hivyo. Kanisa kuu la mji likarudishwa kwa Wakatoliki, Wajesuiti wakaletwa, na ibada ya Kilutheri ikakatazwa. Walutheri waliopinga haki ya wachache kuabudu sasa walinyimwa haki hiyo wao wenyewe, ingawa walikuwa wengi. Na Wakatoliki je? Walipata bendera zao. Lakini wao nao walikuwa wananchi wa mji huru, na siku ile uhuru ulipoondoka haukuchagua Mkatoliki wala Mlutheri. Wahenga wetu walisema, "Vita vya panzi, furaha ya kunguru."

MOTO WAENEA

Habari za Donauwörth zilienea Ujerumani yote. Kila mji wa Kiprotestanti ulijiuliza kama zamu yake i karibu. Mwaka 1608 mkutano mkuu wa Dola ulikusanyika Regensburg. Waprotestanti walitaka mkataba wa 1555 uthibitishwe tena. Wakatoliki wakadai kwanza warudishiwe mali ya Kanisa iliyotwaliwa tangu miaka ile ya 1550. Mkutano ukavunjika bila mapatano. Mwezi Mei mwaka uleule watawala kadhaa wa Kiprotestanti walikutana Auhausen, kijiji kilicho juu kidogo ya mto Wörnitz, mto uleule unaofika Donauwörth, wakaunda Umoja wa kujilinda. Mwezi Julai mwaka 1609 Wakatoliki nao wakaunda Shirikisho lao mjini Munich, na kiongozi wake akawa Duke Maximilian.

Hatusemi kwamba bendera za Donauwörth peke yake zilileta Vita vya Miaka 30. Vita vile vilikuwa na sababu nyingi, na cheche iliyoviwasha ilitoka Bohemia mwaka 1618. Lakini nyumba ilikuwa imekwisha kujaa majani makavu. Kambi zilikuwa tayari, majemadari walikuwa tayari, na mioyo ilikuwa imekwisha kuzoea kumwona jirani kuwa adui.

Mji wenyewe haukusalimika. Mwaka 1632 Gustavus Adolphus, Mfalme wa Sweden na mtetezi wa Waprotestanti, aliuteka. Siku chache baadaye, karibu na hapo, penye mji wa Rain, alimshinda Tilly, jemadari mzee wa Shirikisho la Kikatoliki, ambaye alijeruhiwa na kufa Ingolstadt. Mwaka 1634 majeshi ya Kaisari yaliuteka mji tena. Kila jeshi lililopita lilikula ghala za wenyeji, na nyuma ya majeshi zikaja njaa na tauni. Katika Ujerumani nzima, baadhi ya wanahistoria hukadiria kwamba moja ya tano ya watu wote walipotea katika miaka ile. Wengine husema theluthi moja. Waliokufa wengi hawakuwa askari. Walikuwa wakulima, na akina mama, na watoto, waliokufa kwa ugonjwa na kwa kukosa chakula.

MAKUBALIANO YALIYOCHELEWA

Amani ilifanyika tarehe 24 Oktoba 1648. Donauwörth ilibaki chini ya Bavaria. Lakini katika mkataba ule wa amani kuna kifungu ambacho kwa maoni yetu ni chenye kufundisha kuliko vita vyote. Miji minne ya nchi zilezile za kusini, yaani Augsburg, Biberach, Ravensburg na Dinkelsbühl, iliwekewa utaratibu wa usawa: vyeo vya mji vigawanywe kati ya Wakatoliki na Waprotestanti, na kundi moja lisiweze kulishinda kundi jingine katika mambo ya dini kwa sababu tu ya wingi wa kura.

Mji wa Biberach ulikuwa umekwisha kuonyesha mfano hata kabla ya hapo. Kanisa lake la Mtakatifu Martini limetumiwa na Wakatoliki na Waprotestanti kwa pamoja tangu karne ya 16, kila upande kwa saa zake, na hivyo ndivyo lilivyo hata leo. Hatusemi kwamba watu wale walipendana kama ndugu wa tumbo moja. Walichokuwa nacho ni jambo la chini zaidi na gumu zaidi: kanuni iliyoeleweka, na uvumilivu wa kuishika kila Jumapili. Mji wa Donauwörth ulikuwa na kitu cha namna hiyo, katika yale mapatano yake ya bendera kukunjwa. Uliyapoteza kwa sababu upande mmoja uliyaona kuwa aibu, na upande wa pili ukayalinda kwa ngumi.

Historia iliyobaki twaitaja kwa ufupi. Tarehe 2 Julai 1704, juu ya kilima cha Schellenberg kilicho kando ya mji, majeshi ya Waingereza na wenzao yalipigana na ya Bavaria na Ufaransa, na maelfu ya watu wakauawa au kujeruhiwa. Mwaka 1705 mji ulirudishiwa uhuru wake, lakini mwaka 1714 ukawa wa Bavaria tena. Kanisa la Msalaba Mtakatifu lilijengwa upya kwa uzuri mkubwa kati ya 1717 na 1722. Na mwaka 1803 monasteri yenyewe ilifungwa. Hawakuifunga Walutheri. Ilifungwa katika mapatano ya watawala waliogawana mali ya Kanisa, na mali yake ikapewa ukoo wa watawala wa Oettingen-Wallerstein, ambao walikuwa Wakatoliki. Baadaye Ludwig Auer, mwalimu Mkatoliki, aliyafanya majengo yale kuwa mahali pa kazi ya elimu na uchapaji wa vitabu. Mwezi Aprili mwaka 1945, majuma machache kabla ya mwisho wa Vita Kuu ya Pili, mabomu ya ndege yaliharibu sehemu kubwa ya mji wa kale. Wenyeji waliujenga upya, na leo watalii husimama katika Barabara ya Dola kutazama nyumba zake.

TUJIFUNZE NINI?

Kwanza, haki ndogo haidharauliki, lakini njia ya kuidai nayo ina haki yake. Wamonaki hawakukosea kupenda bendera zao. Sisi sote twajua furaha ya maandamano, msalaba ukiwa mbele na nyimbo zikipanda. Lakini kabla ya kuvunja mapatano ya zamani na jirani, yatupasa kuuliza: je, tumekwisha kukaa naye na kuzungumza mara ya mwisho, na mara nyingine baada ya ile ya mwisho?

Pili, walio wengi wasidhani kwamba wingi ni haki. Waprotestanti wa Donauwörth walikuwa wengi mjini mwao, lakini walikuwa wachache katika Dola. Kipimo walichowapimia wenzao kilirudi kwao. Ndivyo ilivyo kila mahali: aliye wengi katika mtaa huu ni mchache katika mtaa wa pili.

Tatu, ugomvi wa dini unapotokea, tuangalie ni nani anayekuja mbio kuusaidia upande wetu. Huenda akawa mtu wa imani yetu, tena mchaji. Hata hivyo tumwulize mapema malipo yake ni nini. Duke Maximilian aliwasaidia Wakatoliki wa Donauwörth, akaondoka na mji.

Mtu mmoja aliyezaliwa Donauwörth mwaka 1499, jina lake Sebastian Franck, aliyaona mambo haya kabla ya watu wengine. Alikuwa padre, kisha akawa Mlutheri, na mwisho hakutaka kufuata upande wowote. Hatuwezi kukubali mafundisho yake yote, hasa alipoliwazia Kanisa kuwa jambo lisiloonekana. Lakini alipoandika kwamba watu wasilazimishwe katika imani, na alipotunga kitabu dhidi ya vita mwaka 1539, alisema neno ambalo wakati wake haukutaka kulisikia. Alifukuzwa Strasbourg, akafukuzwa Ulm, akafa ugenini Basel. Kanisa letu, katika Mtaguso wa Pili wa Vatikano, lilitamka tarehe 7 Desemba 1965 kwamba mtu asilazimishwe kutenda kinyume cha dhamiri yake katika mambo ya dini, wala asizuiwe kuifuata dhamiri hiyo, peke yake au pamoja na wenzake, hadharani au faraghani, maadamu amani ya wote inalindwa.

Na tarehe 31 Oktoba 1999, mjini Augsburg, mwendo usiotimiza saa moja kwa gari moshi kutoka Donauwörth, wajumbe wa Kanisa Katoliki na wa Shirikisho la Walutheri Duniani walitia sahihi tamko la pamoja kuhusu kuhesabiwa haki, jambo ambalo ndilo lililokuwa kiini cha mafarakano ya Luther. Ilikuwa imepita miaka 444 tangu mkataba wa 1555 kufanyika katika mji uleule.

Wazazi wapenzi, watoto wenu husikia mnavyomtaja jirani asiye wa dini yenu mkiwa mezani. Huko ndiko bendera hukunjwa au hukunjuliwa kwanza, kabla ya kufika barabarani. Jioni moja ya wiki hii wasimulieni habari za mji huu mdogo, kisha waulizeni: kama mngalikuwa katika baraza la Donauwörth, au katika monasteri yake, siku moja kabla ya sikukuu ya Mtakatifu Marko, mngalisema nini? Wapeni nafasi ya kujibu, nanyi msikilize.